Unyumbufu wa mahitaji: gawanya kwa wastani

Unyumbufu wa mahitaji hupima jinsi idadi inayonunuliwa inavyoitikia bei: asilimia ya badiliko la idadi, gawanya kwa asilimia ya badiliko la bei. Tuseme nauli ya matatu ya Kangemi hadi mjini imepanda kutoka shilingi 50 hadi 70, na abiria kwa saa wakapungua kutoka 120 hadi 100. Ukipiga asilimia kwa kugawanya kila badiliko kwa thamani ya mwanzo (50 na 120), unyumbufu ni 0.42. Irudishe nauli ileile hadi 50, unapata 0.70. Njia ni moja, majibu mawili, kwa sababu msingi wa asilimia umebadilika. Hapo ndipo wengi hupoteza alama.

Gawanya kila badiliko kwa wastani wa thamani mbili: abiria 20 kwa 110 ni asilimia 18.2, nauli 20 kwa 60 ni asilimia 33.3. Jibu ni 0.55, upande wowote uanzie. (Bei ikipanda idadi hushuka, kwa hiyo jibu huwa hasi; alama ya kutoa imeachwa hapa, fuata desturi ya mhadhiri wako.)

Kisha hakiki kwa mapato. 50 mara 120 ni 6,000. 70 mara 100 ni 7,000. Bei imepanda na mapato yamepanda, kwa hiyo unyumbufu lazima uwe chini ya 1. Ukipata zaidi ya 1, huenda umegeuza kisehemu: badiliko la idadi hukaa juu, la bei chini.

Na tafadhali, mteremko wa mstari wa mahitaji (mchoro wa bei na idadi) si unyumbufu. Kwenye mstari ulionyooka mteremko haubadiliki, lakini unyumbufu hupungua kadiri unavyoshuka.