Ndege wa Mida: ngoja maji yawalete
Kuanzia Novemba, ndege wahamaji wakishajaa Mida Creek, hori la bahari huko Watamu, pwani ya Kenya, acha kuwafuata topeni ili uwapige picha, wataruka tu. Fika kama muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa, ukae kimya pembeni mwa mikoko, jua likiwa mgongoni. Maji yakipanda, tope la kutafutia chakula linapungua, kwa hiyo sululu (wale wa mdomo mrefu uliopinda) na wale weupe-weusi wala kaa wanasogea kwako wenyewe, hadi unaona kaa akipapatika mdomoni. Chagua siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo), maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Maji mafu (siku ambazo maji hujaa kidogo tu) hayawasukumi, wanabaki mbali. Ukichelewa hadi yajae kabisa (mimi nilichelewa), wameshaenda kupumzika, unabaki kupiga picha maji.