Uingereza Nani Anaamua? Mwongozo kwa Wana-Afrika Mashariki Wanaoishi Huko

Pasipoti ya Uingereza hutolewa kwa jina la Mfalme, na anayepewa uraia huapa kumtii Mfalme Charles. Ukitokea Nairobi au Dodoma, ambako rais ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja, ni rahisi kudhani kauli ya mwisho iko Ikulu. Ndiyo maana wapo wanaomwandikia Mfalme kuomba viza ya mke ifikiriwe upya. Hana mamlaka ya kuamua jambo hilo, na wakati huo siku za kukata rufaa zinaisha.

Mfalme ni mkuu wa nchi tu. Hotuba anayoisoma akifungua Bunge huandikwa na serikali. Miswada iliyopita bungeni huiridhia. Mara ya mwisho mtawala kukataa ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne. Madaraka ya kifalme yapo, ila hutumiwa kwa ushauri wa mawaziri, na mawaziri hao wanaweza kushtakiwa. Septemba 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha usimamishaji wa Bunge uliofanywa kwa ushauri wa Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo.

Waziri Mkuu naye hachaguliwi na nchi nzima. Wananchi huchagua wabunge 650, kila jimbo mmoja, kisha Mfalme humwita kiongozi anayeweza kuungwa mkono na wengi wao. Ndiyo sababu 2022 nchi ilipitia mawaziri wakuu watatu, Johnson, Truss na Sunak, bila uchaguzi mkuu. Mawaziri hutoka ndani ya Bunge, kama Tanzania na tofauti na Kenya, na serikali hudumu maadamu wabunge wana imani nayo. Tarehe 28 Machi 1979 Waziri Mkuu James Callaghan alishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310, ikabidi uchaguzi uitishwe.

Sehemu inayotuumiza zaidi ni kanuni za uhamiaji. Sheria ya Uhamiaji ya 1971 inamwezesha Waziri wa Mambo ya Ndani kubadilisha kanuni kwa kuwasilisha tamko bungeni, bila muswada wala mjadala mrefu. Kwa kawaida huanza kutumika baada ya siku 21, pengine mapema zaidi. Tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wa wazee na wagonjwa walizuiwa kuja na wenza na watoto. Tarehe 4 Aprili mshahara wa chini wa kawaida kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ukapanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700. Julai 2025 ukafika 41,700, na mlango wa kuajiri wahudumu hao kutoka nje ukafungwa. Anayesubiri kusikia kwamba Bunge limepitisha sheria mpya huwa amechelewa. Soma tamko lenyewe, hasa kipengele kinachoeleza waliokwisha kuomba watahukumiwa kwa kanuni zipi.

Ombi likikwama, nenda kwa mbunge wa jimbo unaloishi. Si lazima uwe raia wala uwe ulimpigia kura. Mtafute kwa postikodi yako kwenye tovuti ya Bunge. Mpelekee jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kumbukumbu ya ombi, tarehe ulipoomba, na idhini iliyosainiwa ya kukushughulikia. Ofisi yake itaiandikia wizara na kudai jibu. Usiwaandikie wabunge watano. Kwa desturi kila mmoja hushughulikia watu wa jimbo lake. Mbunge hawezi kutengua uamuzi, na barua yake haisimamishi saa: rufaa ndani ya nchi kwa kawaida ni siku 14, na maombi ya mapitio ya mahakama (kuitaka mahakama ipime uhalali wa uamuzi) hupelekwa haraka, yasizidi miezi mitatu. Kwa uzembe wa wizara, ukishamaliza njia ya malalamiko ya wizara yenyewe, mbunge huyohuyo ndiye anayepeleka shauri lako kwa Msuluhishi wa Bunge (Ombudsman), anayechunguza malalamiko dhidi ya serikali.

Taka na nyumba za umma kwa kawaida ni kazi ya halmashauri. Hospitali na shule za Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ziko chini ya serikali za huko, ila uhamiaji unabaki London.

Na kura unayo. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi zao ziko Jumuiya ya Madola, wakiwa na kibali halali cha kukaa na miaka 18, hupiga kura hata uchaguzi mkuu. Mrundi au Mkongo hana haki hiyo, lakini akiishi kihalali Scotland au Wales huchagua bunge la huko na halmashauri. Jiandikishe mtandaoni angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu huhitaji kitambulisho chenye picha kituoni. England, Scotland na Wales pasipoti yako ya Kenya au Tanzania inakubalika, na asiye na kitambulisho huomba cheti cha mpiga kura bila malipo.