Wasifu wa kozi ya uandishi si CV ya kuombea kazi

Unayeomba kozi ya uandishi ukiwa Masasi, Newala au Mikindani, usipeleke ile CV ya kazini. Anayechagua washiriki anatafuta sauti yako, si shule ya msingi uliyosoma.

Ukurasa mmoja wa A4 unatosha: pambizo sentimita 2.5, herufi za ukubwa wa 11 au 12. Juu weka jina, simu na barua pepe. Kisha aya moja ya maneno 80 hadi 100, na hapa ndipo pa kuhangaika: unaandika nini, kuhusu nani, sasa umefikia wapi. "Napenda kuandika tangu utotoni" haisemi kitu. "Naandika hadithi fupi za wabanguaji korosho wa Newala, nimemaliza tatu" inasema. Chini yake taja maandishi yako mawili matatu, mwaka na yalikochapishwa. Yasiyochapishwa sema hayajachapishwa. Dini, hali ya ndoa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) viache.

Ukichapiwa steshenari, usiridhike na faili ya Word. Ikifunguliwa kwenye simu isiyo na fonti ile, mistari inahama na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Omba PDF, iwe na jina lako. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, kwani ukituma picha ya ukurasa hubanwa na maandishi yakafifia. Ukituma kiungo cha Google Drive, kifungulie ruhusa ili mwingine aweze kusoma, kisha kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Halafu futa nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari. Ina namba yako ya simu.