Kumpangia Mzazi Mzee Matunzo na Mirathi Jijini Nairobi
Anzeni mapema, mzazi akiwa bado na akili timamu, kwa sababu wosia ulioandikwa baada ya fahamu kumpotea unaweza kubatilishwa mahakamani. Kaeni naye, mfungue ile bahasha anamohifadhi hatimiliki na karatasi za NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mwandike mali na madeni, na kiwanja cha Nairobi mkikague kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni.

Wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Mkono ukitetemeka, alama ya kidole gumba yatosha, mradi mashahidi waione ikiwekwa, nao watie sahihi mbele ya mzazi. Mrithi asiwe shahidi, kwani anaweza kupoteza alichoachiwa. Wosia wa mdomo hukubalika iwapo mwenyewe atafariki ndani ya miezi 3 tangu autamke, lakini mimi nisingeutegemea.

Linalosahaulika sana, na ambalo huziumiza familia nyingi, ni kwamba hati ya kumpa mwana mamlaka ya kusimamia akaunti ili amlipe mhudumu wa nyumbani hukoma mzazi anapopoteza uwezo wa akili, na hapo mahakama ndiyo humteua msimamizi wa mali chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, hata kama fedha ni za matibabu.