Chandni Chowk, Delhi: jua kichochoro chako kabla hujaingia

Watu wetu wengi wanaofika Delhi wamekuja na mgonjwa, na mgonjwa akishapata nafuu kidogo tu maswali yanaanza, vitambaa vya harusi tunanunua wapi, viungo je. Nenda Chandni Chowk. Mtaa ulipangwa na Jahanara binti wa Shah Jahan karne ya 17, unaanzia mbele ya Lal Qila, ile Ngome Nyekundu, unaishia msikiti wa Fatehpuri. Ila wengi wanatembea barabara kubwa tu wanarudi wamechoka na mikono mitupu. Mali iko vichochoroni jamani, na kila kichochoro kina biashara yake.

Usiende Jumapili, maduka mengi yanafungwa. Siku nyingine fika saa tano asubuhi hivi, maana jioni hata kugeuka ni shida. Panda metro, treni ya mjini, laini ya njano ushuke kituo cha Chandni Chowk, wanaotokea Gurugram, mji wa jirani, ni laini hiyohiyo hakuna kubadilisha, na akina dada behewa la mbele ni la wanawake tu. Teksi haikufikishi mlangoni kwa sababu mchana magari na pikipiki haziruhusiwi barabara kubwa, humo ni miguu au riksho ya baiskeli, na hiyo patana bei kabla hujakaa.

Vito vya fedha ni Dariba Kalan. Kutokea humohumo unaingia Kinari Bazar, hapo ndo lesi, tepe za dhahabu, shanga na mapambo yote ya harusi. Vitambaa Katra Neel, vitabu Nai Sarak, taa na vitu vya umeme Bhagirath Palace.

Sasa kwenye kununua, uliza kwanza kama anauza rejareja, maana wengi ni wa jumla na kipande kimoja hakuuzii. Duka la sari unavua viatu unakaa kwenye godoro jeupe, muuzaji anakumwagia sari moja juu ya nyingine mpaka macho yanachanganyikiwa, we tulia, chagua mbili au tatu, mwambie afungue yote mpaka mwisho, angalia kwenye mikunjo maana madoa na nyuzi zilizovutika hujificha hapo. Usikubali bei ya duka la kwanza. Na yule anayekufuata njiani akisema nikupeleke duka zuri, mpite tu, kamisheni yake utailipa wewe.

Njaa ikiuma, kona ya Dariba kuna jalebi, vile vitamu vya kukaanga vyenye shira, nene za samli, wanakaanga hapo tangu 1884, kula za moto. Maji kunywa ya chupa.

Viungo acha mwisho maana ni mzigo. Pita msikiti wa Fatehpuri uingie Khari Baoli, soko la jumla la viungo, na vaa barakoa kabisa, wapagazi wanapita na magunia ya pilipili kavu vumbi linapanda mpaka wenyeji wenyewe wanakohoa na kupiga chafya. Iliki chukua ya kijani iliyojaa, pasua moja, mbegu ziwe nyeusi na zinanata kidogo, zikiwa kavu za kahawia ni ya zamani hiyo. Karafuu usihangaike nazo, India wenyewe wanaagiza kwetu Zanzibar. Mwambie akufungie mifuko miwili miwili, la sivyo nguo zote kwenye begi zitanukia bizari mpaka unafika nyumbani.