Krimu ya saratani ya ngozi kisogoni: nilivyoipaka mimi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, na nina ualbino. Kofia pana ninayo, lakini ukiinamia cherehani barazani kutwa, jua linakupiga kisogoni. Hapo ndipo lilipoota baka jekundu, linabanduka magamba, haliponi. Daktari wa ngozi akakata kinyama kidogo kikapimwa: saratani ya ngozi ya seli za bezali (basal cell), ile ya juujuu. Bila kipimo hicho usipake kitu. Saratani inayotuandama zaidi sisi wenye ualbino ni ya aina nyingine, na ikishazama hiyo hutolewa kwa kukatwa, si kwa krimu.

Niliandikiwa imikwimodi ya asilimia 5, jina la dukani Aldara. Yenyewe haichomi saratani. Inazindua kinga ya mwili iliyokuwa imepitiwa, ije ipigane.

Unapaka usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Osha sehemu kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Baka langu lilikuwa milimita 12 kwa futi yangu ya kushonea, kwa hiyo krimu ya kiasi cha punje ya choroko ilitosha, ikivuka ukingo sentimita 1 kila upande. Sugua mpaka ipotee. Mimi kisogo sikioni, alinipaka mdogo wangu, na alinawa kabla na baada. Usifunge plasta. Zikitimia saa 8 hivi tangu kupaka, osha. Pakiti ikishafunguliwa, kinachobaki tupa.

Wiki ya pili ngozi iliwaka, ikachubuka, ikafanya gaga. Majirani wakasema dawa imenidhuru. Kumbe ndiyo kazi yake. Kosa langu lilikuwa jingine: niliruka siku mbili, nikafidia kwa kupaka maradufu. Kidonda kikachimbika, homa, viungo vinauma. Nikaenda kupima malaria, hakuna. Ukiruka, endelea na zamu inayofuata tu. Kidonda kikizidi, mwone daktari, huweza kukupumzisha siku kadhaa.

Krimu isikae penye joto la kuzidi nyuzi 25. Oktoba yetu mnaijua. Yangu niliiweka pembeni ya mtungi wa maji. Kisogo nilikifunika kwa kanga laini, maana ngozi hiyo jua huiunguza upesi zaidi.

Wiki 12 baada ya usiku wa mwisho nilirudi kukaguliwa. Nilikwenda na blauzi niliyoishona mwenyewe, kola yake ya nyuma nimeiongeza inchi mbili.