Namna ya Kusikiliza Rekodi za Creedence Clearwater Revival

Wengi huijua bendi hii ya California kupitia Chronicle, mkusanyo wa nyimbo 20 uliotolewa mwaka 1976, nao hukomea hapo. Mkusanyo huo si mbaya, ila umejengwa juu ya nyimbo zilizotamba kwenye santuri ndogo, na anayeutegemea peke yake humfahamu John Fogerty, mwimbaji na kiongozi wake, kama mtunzi hodari wa nyimbo fupi bila kuifahamu bendi. Ni afadhali uuweke kando na ushike albamu 7 zilizorekodiwa studioni kati ya 1968 na 1972.

Usianze na ya kwanza. Anza na Green River ya Agosti 1969, ambayo haifiki nusu saa, uisikilize mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza fuata sauti na gita la John. Mara ya pili uwaache hao, usikilize gita la kusindikiza la kaka yake Tom, besi ya Stu Cook na ngoma za Doug Clifford, ambao hawajionyeshi wala hawayumbi. Kisha rudi nyuma kwenye Bayou Country ya Januari mwaka huohuo, yenye “Proud Mary”, uone jinsi vijana wa El Cerrito, karibu na San Francisco, walivyoimba kuhusu mabwawa ya Louisiana kana kwamba walizaliwa huko. Albamu ya tatu ya 1969, Willy and the Poor Boys, isikilize ukiikumbuka vita ya Vietnam, kwa kuwa “Fortunate Son” inawashambulia wenye nasaba na mali ambao watoto wao hawakupelekwa vitani.

Cosmo's Factory ya 1970 ndiyo inayohitaji muda zaidi. Kati ya nyimbo zake 11, 6 zilitoka pia katika santuri ndogo, na ni rahisi kuzirukia hizo. Mimi nashauri uanze na “Ramble Tamble”, inayofungua albamu, ambayo katikati yake mwendo hupungua na magita hujengeka taratibu kabla ya kurudi kasi ya mwanzo. Ukishaumaliza pia ule wimbo wa dakika 11, “I Heard It Through the Grapevine”, ndipo uirudie albamu ya kwanza ya 1968 na “Suzie Q” yake ndefu: utatambua kwamba uwezo wa kushikilia mdundo mmoja kwa muda mrefu bila kuchosha walikuwa nao tangu awali.

Pendulum, iliyotoka mwishoni mwa 1970, imejaa kinanda na saksafoni, na nyimbo zake zote ni za John. Tom aliondoka mapema mwaka 1971, na katika Mardi Gras ya 1972 Cook na Clifford nao wakatunga na kuimba. Albamu hiyo isikilize mara moja tu, kwa ajili ya “Someday Never Comes”.

Rekodi za jukwaani zinahitaji uangalifu wa mnunuzi. Mwaka 1980 kampuni ya Fantasy ilitoa albamu iliyodaiwa kurekodiwa Royal Albert Hall, London, kumbe onyesho lilifanyika Oakland, California, tarehe 31 Januari 1970. Jina likabadilishwa kuwa The Concert. Kwa hiyo ukikuta santuri ya zamani yenye jina la ukumbi huo wa London, jua kwamba unanunua Oakland, tena onyesho zuri sana. Onyesho la London lenyewe, la Aprili 1970, lilitolewa mwaka 2022, na lile la Woodstock, ambalo John hakutaka liingizwe kwenye filamu ya tamasha hilo, lilitoka kamili mwaka 2019. Ukiwa na fedha ya moja tu, chukua la Oakland.